Majina ya watoto huku Nyanda za Juu Kusini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila akijifungua mtu kwenye ukoo au hapo mtaani simu zinaanza, "hebu nitajie jina zuri lenye maana", na maswali ni yaleyale, watu wa Mbeya yaleyale, Iringa yaleyale, hadi ndugu zetu walioko Dar wanauliza yaleyale. Nimeyaweka hapa pamoja na majibu yake. Msimamo wangu nausema mapema kabisa: mpe mtoto majina mnayoyapenda, ya kizungu, ya kiarabu, ya kwenye Biblia, yote sawa, ila angalau moja liwe jina ambalo bibi yake akiliita anajua anasema nini.

Kwa sasa majina gani yanapendwa zaidi huku kwetu?

Kaa foleni ya kliniki asubuhi watoto wakiwa wanapimwa uzito, nesi akianza kuita kadi utasikia mwenyewe. Wavulana ni Ivan, Ian, Ethan, Bryan, Jayden, Brighton, wasichana ni Gianna, Arianna, Precious, Glory, Angel. Katikati yake linaitwa Lusajo, linaitwa Lugano, linaitwa Ipyana. Baraka, Neema na Amani hayo hayajawahi kupotea, kila mwaka yapo. Na ukienda Tukuyu au Kyela yale ya kwetu yanasikika zaidi kuliko ukiwa mjini Mbeya pale Mwanjelwa, hilo nalo halihitaji maelezo.

Ninachokiona siku hizi na kinanifurahisha sana ni wazazi vijana, wale wa miaka 25 au 30 hivi, wanarudi kuuliza majina ya babu zao. Zamani kidogo lilikuwa linaitwa "jina la nyumbani" yaani linajulikana jikoni tu, kwenye cheti halipo kabisa. Sasa hivi linawekwa mbele.

Majina ya Kinyakyusa mbona marefu hivyo? Yanamaanisha nini hasa?

Hili ndo swali ninalolipenda kuliko yote kwahiyo nivumilieni nitaongea sana hapa.

Majina mengi ya Kinyakyusa ni sentensi nzima. Mtu amejifungua salama, au amekaa miaka bila mtoto halafu akapata, au alikuwa mgonjwa akapona, basi anatamka alichotendewa na kile alichotamka kinakuwa jina. Ndo maana linakuwa refu, maana ndani yake kuna aliyetenda, kuna aliyetendewa, na kuna tendo lenyewe.

Chukua Atupele. Ile A ya mwanzo ni "yeye", na yeye hapo ni Kyala, Mungu, hata kama hajatajwa kila mtu anajua ni nani. Tu ni "sisi". Pele ni "amepa". Atupele, ametupa. Ukishaijua hiyo umefungua mlango wa majina kibao: Atuganile ametupenda, Atubwene ametuona, Atupokile ametuokoa. Sasa kama mzazi anaongea peke yake, kwamba nimetendewa mimi, ile "Tu" inaondoka na sauti inabadilika kidogo, unapata Ambwene ameniona, Ambokile ameniokoa, Anganile amenipenda, Angetile ameniangalia, Andongwisye ameniongoza. Mtu anayeitwa Ambokile anatembea na ushuhuda wa mama yake kila siku, kila anayemwita anaurudia ule ushuhuda, na mimi sijaona kitu kizuri kama hicho kwenye orodha yoyote ya majina.

Halafu kuna yanayoanza na Tu, hapo ni familia inajisemea yenyewe. Tupokigwe tumeokolewa, Tusajigwe tumebarikiwa, Tuganigwe tumependwa, Tulinagwe tuko naye, Tusekile tumecheka, yaani tumefurahi. Tuntufye ni mwaliko, tumsifu.

Mengine ni neno moja tu. Yenye Lu mbele: Lugano upendo, Lusajo baraka, Lusekelo furaha, Lusubilo tumaini, Lutengano amani, Lutufyo sifa, na Lwitiko imani. Ipyana ni neema. Bupe zawadi. Kisa ni huruma (wengine wanaandika Kissa, S mbili). Bumi ni uzima, na kuna Ndimbumi, niko hai, hilo anapewa mtoto ambaye kuzaliwa kwake kulikuwa na vita kweli. Gwamaka ni wa nguvu, Gwantwa ni wa Bwana. Mpoki mwokozi. Nsajigwa mbarikiwa. Subilaga ni kama unamwambia mtu endelea kutumaini, usichoke.

Mengi kati ya haya ukiingia kwenye ibada ya Kinyakyusa utayasikia yanaimbwa na kuhubiriwa, ipyana, lwitiko, lusajo, Kyala. Wamisionari wa Moravian walifika Rungwe mwaka 1891, na wale wa Kilutheri kutoka Berlin mwaka huohuo, na tangu hapo imani na majina vimeenda pamoja. Ila utaratibu wenyewe wa kumwita mtoto kwa jambo lililowapata wazazi ni wa Kibantu na umeenea mbali, ng'ambo ya mto Songwe kule Karonga Malawi kwa ndugu zetu Wangonde majina ni haya haya. Hata jina Atupele kuna mwanasiasa wa Malawi, Atupele Muluzi, mtoto wa rais wa zamani Bakili Muluzi, na wao ni Wayao, maana ya jina ni ileile ya kupewa.

Nitajuaje jina la kike na la kiume?

Hakuna sheria ngumu. Kwa mazoea yanayoanza na Tu mengi wanapewa wasichana, Tupokigwe, Tusajigwe, Tusekile, na Bupe, Kisa na Sekela pia ni ya kike. Yanayoanza na Am au An mengi ni ya wavulana, Ambwene, Ambokile, Andongwisye, pamoja na Gwamaka, Mpoki, Lusekelo. Lugano, Subilaga, Gwantwa na Lwitiko yanaenda kote. Ukipenda Ipyana kwa binti mpe, neema haina jinsia.

Ile "Mwa" kwenye majina ya ukoo ni nini? Na kwanini Tunduma ni "Si"?

Mwa ni kama kusema wa kwa fulani, wa ukoo wa fulani. Mwakyusa, Mwandosya, Mwakyembe, Mwaipopo, Mwakalinga, ukisikia tu unajua huyu asili yake ni Mbeya. Sio Wanyakyusa peke yao, Wasafwa na Wanyiha nao wana Mwa zao, kwahiyo usimrukie mtu na "ugonile", salamu ya Kinyakyusa, kabla hujamuuliza ni wa wapi.

Ukishuka kuelekea Vwawa, Tunduma na Momba (huko sasa ni mkoa wa Songwe, ulitoka Mbeya mwaka 2016) unaanza kukutana na Si, Simbeye, Sichone, Sinkala, Silwimba. Kwa Wanyamwanga Si ni ya wanaume na wanawake wanachukua Na. Sasa kwenye makaratasi ya serikali hapo panaleta kizunguzungu, binti anaandikishwa kwa Si ya baba yake halafu nyumbani anaitwa kwa Na, kwahiyo familia ikae iamue mapema lipi linaandikwa na watoto wote wafuate hilohilo.

Sisi ni wa Iringa na Njombe, mbona unaongelea Kinyakyusa tu?

Haki yenu, kamwene (ndo salamu ya huko)! Jina kubwa kuliko yote Uheheni kila mtu analijua, Mkwawa. Hilo ni kifupi cha Mkwavinyika, maana yake mtwaaji wa nchi nyingi, yaani ni jina la sifa. Huyu ndiye aliyewapiga Wajerumani pale Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, akapigana nao hadi alipojiua mwaka 1898 ili asikamatwe, na fuvu lake likarudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954, liko Kalenga kwenye makumbusho. Mjukuu wake Adam Sapi Mkwawa alikuwa Spika wa Bunge. Mnaotaka kumpa mtoto jina hilo kama la kwanza na nyie sio wa ukoo huo, mimi nashauri mkae kwanza na wazee wa Kihehe muwasikilize, maana ni jina la utawala na bado lina wenyewe.

Mbali na hapo Iringa na Njombe kitu kilichojaa ni majina ya watakatifu, hasa upande wa Wakatoliki, na watu wengi wanayabeba bila kuambiwa yamebeba nini. Fidelis ni mwaminifu. Gaudensia ni mwenye furaha. Klementi ni mpole mwenye huruma. Vinsenti ni mshindi. Deogratias ni sentensi kabisa kama zile za Kinyakyusa, shukrani kwa Mungu, kwa Kilatini. Evaristo ni Kigiriki, mwenye kupendeza. Na Konsolata, ambalo ukiita kwenye mkutano wowote Iringa watasimama wengi, limeletwa na wamisionari wa Consolata kutoka Torino Italia ambao wamefanya kazi Tosamaganga na maeneo ya jirani tangu mwaka 1919. Linatokana na Bikira Maria Mfariji. Kwa Kiswahili mtoto huyo angeitwa Faraja.

Majina ya ukoo kama Kalinga, Kihwele, Kikoti kwa Wahehe, Mligo, Mgaya, Mwinuka kwa Wabena, Sanga, Mbilinyi, Mahenge, Tweve kwa Wakinga, hayo yapewe heshima yake na yaandikwe. Mkinga akifungua duka popote Tanzania hii jina lake linatangulia mbele.

Nimependa jina Liam (au Ethan, au Olivia). Lina maana gani?

Liam ni kifupi cha Kiayalandi cha William, na William ni jina la Kijerumani cha zamani lenye maneno mawili, nia na kofia ya vita, ndo maana wanasema ni mlinzi mwenye nia thabiti. Marekani lilishika namba moja kwa wavulana kuanzia mwaka 2017 hadi 2024 angalau. Olivia linatokana na mzeituni, Kilatini, lilisambaa kupitia mchezo wa kuigiza wa Shakespeare, na lilikuwa namba moja kwa wasichana Marekani kuanzia 2019 hadi 2024 angalau. Ethan ni Kiebrania, imara, mwenye kudumu, lipo kwenye Biblia kama Ethani. Noah ni Nuhu, pumziko. Aaliyah ni Kiarabu, aliye juu. Jayden ni jina jipya, limetungwa na kuvuma Marekani kuanzia miaka ya 1990. Nevaeh wamelichukua neno la Kiingereza la mbinguni wakaligeuza nyuma mbele, likaanza kuvuma baada ya mwaka 2000. Na kwa wanaodhani Uingereza wote wanaitwa Harry na George, takwimu za kule England na Wales mwaka 2023 zinaonyesha jina lililoongoza kwa wavulana ni Muhammad.

Hakuna baya kwenye kuyachagua. Ninachowaomba watu wafanye kabla hawajaandika ni kimoja, lichukue lile jina, tafuta maana yake, halafu tafuta maana hiyohiyo nyumbani kwenu inaitwaje.

Unamaanisha nini hapo, maana hiyohiyo nyumbani?

Hapa ndo patamu. Yohana kwa Kiebrania ni "Mungu ana neema". Sasa John, Ivan, Ian, Hans, Jane, Joan, Gianna, wote hao ni Yohana mmoja aliyesambaa nchi mbalimbali, Ivan ni wa kule Urusi, Ian ni wa Scotland, Gianna wa Italia. Kwahiyo mama aliyemwita bintiye Gianna na jirani yake aliyemwita Neema na bibi kule Busokelo aliyemwita mjukuu Ipyana, wote watatu wamesema neno moja.

Endelea sasa. Imanueli ni "Mungu pamoja nasi", na Kinyakyusa kuna Alinanuswe, yuko pamoja nasi, ni neno kwa neno. Benedict ni mbarikiwa, na Nsajigwa huyo hapo, na kwa Kiarabu ni Mubarak. Davidi ni mpendwa, Habiba ni mpendwa, kwetu ni Lugano. Yoshua ni "Bwana huokoa", kwetu Mpoki. Isaka ni "anacheka", maana Sara alicheka alipoambiwa atazaa uzeeni, na mama wa Kinyakyusa anamwita mtoto Tusekile kwa furaha hiyohiyo. Irene ni amani kwa Kigiriki, Salome nalo ni amani, na Lutengano ni amani. Theodore, Dorothea, Nathanaeli, Mathayo, wote ni zawadi ya Mungu, Bupe. Zoe ni uzima kwa Kigiriki, Eva ni uzima, Aisha ni aliye hai kwa Kiarabu, na Bumi ndo hilohilo.

Kwahiyo mkiwa mmebishana, baba anataka Ivan na bibi anataka la kwao, mwandikeni Ivan Ipyana. Zoe Bumi. Davidi Lugano. Mtoto anabeba maana moja kwa lugha mbili na ugomvi umeisha, nimeshaona familia zimetulia kabisa kwa njia hii.

Haya majina ya Kiswahili, Neema, Baraka, Rehema, asili yake wapi?

Mengi yamepita kwenye Kiarabu yakaingia Kiswahili: Neema, Baraka, Rehema, Amani, Faraja, Furaha, Subira, Riziki, Imani. Bahati lina asili ya Kiajemi. Upendo na Pendo ni ya Kibantu. Uzuri wake ni kwamba Mkristo na Muislamu wote wanayatumia bila mtu kuuliza kitu, Rehema wa Uyole anaweza kuwa Mmoravian na Rehema wa Rujewa akawa Muislamu.

Nimeona wazungu na Wamarekani weusi wanatumia majina ya Kiswahili, ni kweli?

Kweli. Mwaka 1966 Maulana Karenga alianzisha sherehe ya Kwanzaa kule Marekani na misingi yake saba yote ina majina ya Kiswahili: Umoja, Kujichagulia, Ujima, Ujamaa, Nia, Kuumba na Imani. Nia na Imani yakawa majina ya mabinti wengi kule. Huku kwetu Imani lipo tayari, Nia bado halijashika, na kwa maoni yangu ni jina zuri sana, fupi, linaandikika, na lina uzito.

Ila orodha za kigeni za "majina ya Kiswahili" zisomeni kwa makini, wanachanganya lugha kumi humo ndani wanaziita zote Kiswahili. Wewe ndo mwenye lugha, ukiona neno hulijui na mama yako halijui, usilipokee.

Kanisani watakubali kumbatiza mtoto kwa jina Lusajo bila jina la mtakatifu?

Watakubali. Kwa Wakatoliki sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni namba 855, inataka wazazi, wasimamizi na paroko waangalie lisiwe jina lililo kinyume na hisia za kikristo, basi. Lusajo ni baraka, Gwantwa ni wa Bwana, sasa kipi kinyume hapo. Parokia nyingi bado zinapenda kusikia la mtakatifu na wazazi wengi wanaliongeza kwa mapenzi yao, ni jambo zuri pia maana mtoto anapata msimamizi wa mbinguni wa kumkumbuka. Kwa Moravian na Walutheri wa huku majina ya kwetu yanabatizwa miaka yote.

Na sisi Waislamu?

Wapo wengi tu huku, Mbarali kwa Wasangu hasa. Utaratibu ni ule wa akika siku ya saba, mtoto anapewa jina, ananyolewa, anachinjiwa, mbuzi wawili kwa mvulana na mmoja kwa msichana kwa mwenye uwezo. Majina bora kwa mujibu wa hadithi ya Mtume ni Abdullah na Abdulrahman, mja wa Allah na mja wa Mwingi wa Rehema. Kinachosisitizwa ni jina liwe na maana njema, kwahiyo la kabila lenye maana njema halina shida. Na tafadhali mtoto asiishie kuitwa "Abdul" kwenye cheti, abdul peke yake ni "mja wa..." imekatika, malizia jina lote.

Mapacha waitweje?

Wengi wanasema Kulwa na Doto, ambayo yametoka kwa Wasukuma na yameenea nchi nzima, na anayewafuata anaitwa Shija. Waislamu Hasani na Huseni. Kama unataka ya kwetu chukua yanayokaa pamoja, Lugano na Lusajo, Lusekelo na Lutengano, Bupe na Kisa, Tupokigwe na Tusajigwe. Nashauri yasifanane kupita kiasi maana walimu watawachanganya na mitihani itaandikwa jina la mwenzake.

Vipi kuhusu majina kama Tabu, Shida, Matatizo, Sikudhani?

Hayo yalikuwa ni kumbukumbu, mwanamke alipita kwenye kipindi kigumu, labda alitelekezwa, labda njaa, akaandika historia yake kwa njia aliyokuwa nayo. Kwahiyo usimcheke mtu anayeitwa Matatizo, huyo alizaliwa na mtu aliyeteseka akaendelea kumlea. Lakini kwa mtoto anayezaliwa leo mimi nasema hapana. Machungu yako na mumeo au na mawifi zako yasiandikwe kwenye kichwa cha mtoto ambaye atayabeba hadi kwenye kitambulisho, kwenye harusi yake, kwenye kila ofisi. Kama unataka kukumbuka ulikopita, zile sentensi za Kinyakyusa zinakumbuka shida kwa kumtaja aliyekutoa: Ambokile. Ameniokoa. Ndani yake shida imo na kutoka kwake kumo.

Mama mkwe anataka mtoto apewe jina la marehemu babu, sisi hatulitaki. Tufanyeje?

Kwanza muulizeni maana yake na babu alikuwa mtu wa namna gani. Mara nyingi mkishasikia historia mnalipenda. Mkiwa bado hamjalipenda, jina la babu lina nafasi yake halali kabisa pale katikati, na bibi ataendelea kumwita mjukuu "mume wangu" au "baba" kwa raha zake na hakuna aliyepoteza. Kinachoumiza wazee ni kupigiwa simu wiki ya tatu wakaambiwa tu mtoto anaitwa Jayden. Mpigieni siku ileile aliyozaliwa, mwambieni "mama, tunaomba jina", hata kama na nyie mna la kwenu. Hapo ndo ndaga fijo, yaani asante sana, zinapoanza.

Mume ni Mnyakyusa mimi ni Mhehe (au Mchaga, au Mzaramo), lugha ipi ipewe nafasi?

Kwa kawaida ukoo ni wa baba kwahiyo Mwa fulani lipo tayari mwishoni. Ndo maana naona ni haki jina la katikati au la kwanza upande wa mama upate sauti. Mkishindwa kabisa Kiswahili ni cha wote.

Tunaishi Dar, mtoto hatachekwa shuleni akiitwa Tupokigwe?

Watoto wanacheka jina lolote wiki ya kwanza, wanamcheka hata Precious. Anayebaki kuchekwa ni yule ambaye mwenyewe halijui jina lake. Mfundishe mtoto wako akiwa na miaka mitatu minne, "unaitwa nani? Tupokigwe. Maana yake? Tumeokolewa", akiulizwa na mwalimu ajibu kwa kichwa juu na darasa zima litakaa kimya. Na nchi hii imeshazoea majina ya huku, Mwandosya na Mwakyembe walikuwa mawaziri na watangazaji waliyataja kila siku, Nsajigwa alikuwa nahodha wa Taifa Stars na uwanja mzima ulikuwa unaliita jina lake.

Ukipenda ufupisho upo wa asili. Tupokigwe ni Tupo, Lusekelo ni Luse, Atupele ni Atu, Gwantwa ni Gwa. Mtaani watamwita hivyo, kwenye cheti liandikwe zima.

Kwenye kuandikisha niwe makini na nini?

Hapa naomba mtu asome taratibu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kuwa na jina, na sheria ya vizazi inataka asajiliwe ndani ya siku 90. Kwa watoto chini ya miaka 5 kuna mpango wa RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, ambao Mbeya ilikuwa kati ya mikoa ya mwanzo kuupata, mwaka 2013, usajili unafanyika kwenye vituo vya afya na ofisi za kata na cheti cha kwanza ni bure. Vyeti vingi vya mpango huu vimeandikwa kwa mkono. Kwa mkono! Kwahiyo jina kama Andongwisye ukilitaja kwa mdomo tu kwenye kelele za watoto wanaolia unaweza kurudi nyumbani na Andogwise.

Andika majina yote matatu kwenye karatasi kwa herufi kubwa kabla hujatoka nyumbani, mpe anayejaza fomu aangalizie, na kabla hujaondoka dirishani soma cheti herufi kwa herufi. Amueni mapema pia ni Lugano au Lughano, Kisa au Kissa, Ipyana au Ipiana, na jina la baba liwe kama lilivyo kwenye kitambulisho chake cha taifa, cha NIDA, maana baba anaitwa Mwaijande kwenye kitambulisho halafu kwenye cheti cha mtoto kaandikwa Mwayijande, hilo ni tatizo linalosubiri. Litaibuka darasa la saba wakati wa kusajili mtihani, litaibuka NIDA, na litaibuka vibaya zaidi kijana akiomba mkopo wa chuo kwasababu cheti lazima kihakikiwe RITA.

Tayari limeshakosewa, au tumeamua kuliongeza la kwetu akiwa mkubwa, inawezekana?

Inawezekana. Kama ni kosa la uandishi anzia ofisi ya RITA ya wilaya, iko kwa mkuu wa wilaya, nenda na kile cheti, kadi ya kliniki na vitambulisho vya wazazi. Kama ni kubadili au kuongeza jina kabisa hapo unamuona wakili akuandalie hati ya kubadili jina, wenyewe wanaiita dipoli, na inasajiliwa. Ina gharama na ina mizunguko, kwahiyo fanyeni mtoto akiwa bado hajafika darasa la saba, na mkishaipata ile hati toeni kopi kadhaa muweke na cheti cha zamani pamoja, msikitupe, maana ofisi nyingine wataomba kuviona vyote viwili.